Mtoto wa Jirani

Aliyeingia kwa kinyozi yule na viatu vya tope hakuzuiwa na kinyozi. Alizuiwa na mwanawe. Binti alikuwa na miaka minane, mfupi, shingo nene, macho yamepanda kidogo pembeni, na alisimama mlangoni mikono kiunoni kama mtu aliyeajiriwa na serikali. "Miguu!" alisema. Mteja alifuta miguu. Akitaka kujipenyeza kwenye nafasi iliyo karibu na feni, aliambiwa, "Foleni," akasogezwa mwisho wa benchi. Maneno yake yalitoka mazito, mengine yamekatika mkia, lakini hakuna mtu mzima aliyewahi kuthubutu kujifanya hakuyaelewa. Wateja walimwita Kiranja, na jina likamganda mpaka mama yake naye akalitumia.

Mama mmoja aliyemleta mwanawe kunyolewa alimwona, akalegea. "Watoto wa namna hii wana upendo sana," alisema, akapanua mikono amkumbatie. Kiranja alirudi hatua moja nyuma, akamkagua kuanzia kandambili hadi kilemba.

"Sikujui," akasema.

Kinyozi alicheka mpaka akazima mashine. Alimpenda binti yake, hilo halikuwa na ubishi. Mbele ya wateja wa kila siku alijigamba naye: jinsi alivyokunja taulo, jinsi alivyopanga vitana kwa ukubwa, jinsi alivyomfukuza dukani mtu wa bima. Tena alikuwa na domo. Mteja akikaa kwenye kiti chake alisimuliwa siasa, mpira, na mambo ya ndoa za watu. Lakini mbele ya mtu mwenye tai na faili, ulimi wake ulijifunga fundo. Alianza kuitikia "ndiyo mzee" kabla hajaulizwa kitu.

Na mtu mwenye tai alikuja, Jumanne moja alfajiri, duka halijafagiliwa.

Aliangalia nyuma mara mbili kabla ya kuingia. Alifuta miguu bila kuambiwa, jambo lililomfanya Kiranja amkubali papo hapo. Alipokaa, alinong'ona kwamba alitaka ndevu zake zipakwe rangi, nyeusi, lakini nyeusi ya kawaida, isiyopiga kelele.

"Kazi ya siri," alisema.

"Mzee, hapa siri zinaingia, hazitoki," alisema kinyozi.

Kiranja alileta kibakuli cha rangi na brashi bila kuagizwa, akasimama kando ya kiti amekishika kwa mikono miwili, ulimi umechungulia kidogo kwa sababu ya umakini. Mteja alimtazama kwenye kioo. Akatazama tena. Kisha akashusha sauti, ile sauti ya watu wakiwa wamevua viatu nje ya nyumba yenye msiba.

"Pole sana, ndugu yangu. Ni wako?"

Kinyozi alisikia joto likimpanda kutoka kifuani hadi masikioni. Angeweza kusema mambo mengi. Brashi ilikuwa mkononi, rangi inadondoka, na mtu mwenye tai anamhurumia kupitia kioo.

"Hapana," alisema. "Ni mtoto wa jirani."

"Ahaa. Umefanya vizuri kumpokea. Una roho nzuri."

"Baba," alisema Kiranja, "rangi inamwagika."

Mteja aligeuza shingo. "Anakuita baba?"

"Anaita kila mwanamume baba, mzee. Ndivyo walivyo."

Mteja aliinama kwa upole kuelekea kwa mtoto. "Eti binti, mimi ni nani?"

Kiranja alimtazama kana kwamba swali lenyewe ni upuuzi. "Mteja," alisema.

*

Uongo ule ungekufa palepale, lakini mteja alipenda rangi. Alirudi baada ya wiki tatu, na tena baada ya wiki tatu nyingine, kila mara alfajiri, kila mara akiuliza, "Yule mtoto wa jirani hajambo?" Mara ya pili alimletea biskuti. Mara ya tatu alijitambulisha: yeye ndiye mwalimu mkuu mpya wa shule ya msingi iliyo nyuma ya ofisi ya posta.

Kinyozi alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Nyumbani, mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameng'ang'ania jambo moja mwaka mzima: Kiranja aingie darasa la kwanza katika shule hiyohiyo. Mwalimu mkuu aliyeondoka alikuwa amemkatalia mara mbili. Sasa mkewe alikuwa amekwenda kwa mpya, akapewa nafasi ya kusikilizwa.

"Alhamisi saa nne," mkewe alisema kwa furaha, sindano zikiwa mdomoni. "Anataka kumwona mtoto na wazazi wote wawili. Nimekushonea na shati."

"Alhamisi," alisema kinyozi.

"Saa nne."

Jumatano jioni kinyozi aliugua jino. Alijifunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini, fundo juu kama masikio ya sungura, akalala kifudifudi na kuguna. Mkewe alitaka kuliona jino. Alikataa kupanua mdomo, akaeleza hivyo kwa sentensi ndefu iliyosikika vizuri sana.

Mkewe alipotoka kuanua nguo, kinyozi alimvuta pembeni shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi bomba aliyekuwa amekuja kuziba mfereji uliovuja jikoni.

"Shemeji, kesho wasindikize. Mwalimu akiuliza baba ni nani, sema ni wewe."

"Mimi? Niwe mume wa dada yangu?"

"Nusu saa tu. Kaa, itikia, usiongee. Nikienda mimi, mtoto hapati shule. Nitakueleza siku nyingine."

Fundi bomba alikuwa mtu mwema asiyejua kukataa, na kichwani mwake kila shida ilikuwa mfereji: uzibe kwanza, chanzo utakitafuta baadaye. "Basi sawa," alisema. "Shati lako litanitosha?"

*

Yaliyotokea ofisini yalisimuliwa na shemeji mwenyewe, aliyeongeza chumvi kidogo, na kuthibitishwa na dada yake, ambaye hakuongeza hata punje.

Mwalimu mkuu alikuwa nyuma ya meza, ndevu zinang'aa. Pembeni yake alikaa mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mfupi mwenye chaki kwenye viwiko, na mbele yake msaidizi wa mkuu akiandika. Mwalimu mkuu alimwona Kiranja, akafurahi. "Kumbe ni wewe! Ninakujua wewe!" Kisha akamgeukia fundi bomba. "Na wewe ndiye baba?"

"Naam," alisema fundi bomba, kabla dada yake hajafungua mdomo.

Dada yake alimtazama kama mtu aliyeona kuku akiendesha gari.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Mabomba. Maji safi na maji taka."

"Mtoto ana umri gani?"

Fundi bomba alihesabu kwa vidole chini ya meza. "Mkubwa kiasi," alisema.

"Mjomba," Kiranja alimwambia, akimsahihisha, "kaa vizuri."

Mwalimu mkuu alicheka, akaeleza kwamba anajua binti huyu anachanganya watu majina, si kosa lake. Mama mtu alianza kusema, "Samahani mwalimu, hapa kuna—" lakini mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa tayari ameshatandaza kadi mezani: nyekundu, kijani, njano, bluu. Akamwambia Kiranja kwa sauti ya taratibu, "Nionyeshe nyekundu." Kiranja akaonyesha. "Njano." Akaonyesha, na kuinyoosha kadi iliyokaa upande. "Vizuri sana. Nyeusi sina hapa. Unaijua nyeusi? Iko wapi nyeusi humu ndani?"

Kiranja alizungusha macho ofisini. Akapita kabati, akapita viatu vya mjomba, akamfikia mwalimu mkuu. Akanyoosha kidole kwenye ndevu.

"Hii," alisema. "Baba anapaka."

Macho yote yalihamia kidevuni. Kiranja alidhani hawajaelewa, kwa hiyo alieleza kwa vitendo: akashika kibakuli kisichokuwepo, akachovya brashi isiyokuwepo, akapaka kidevu chake mwenyewe kutoka sikio hadi sikio, akipuliza kidogo ili ikauke.

"Nyeupe," alisema, akionyesha kabla. "Nyeusi," akaonyesha baada.

Msaidizi wa mkuu aliacha kuandika na kuingiza uso ndani ya daftari. Mabega yake yalitikisika. Mwalimu wa darasa la kwanza aliokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Na mwalimu mkuu, mkono umefunika kidevu, alikuwa akifanya hesabu nyingine usoni: kinyozi, baba, jirani.

"Mama," alisema polepole, "mume wako ni nani?"

"Ni kinyozi," alisema fundi cherehani. "Yuko nyumbani anaumwa jino."

"Kinyozi aliniambia huyu ni mtoto wa jirani."

Shemeji alisema kwamba hapo ndipo alipotamani bomba lipasuke mahali fulani.

*

Mkewe hakupiga kelele. Kinyozi alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alikuwa na majibu ya kelele. Mkewe aliingia, akavua viatu, akamtazama na kitambaa chake chenye masikio, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Jirani yupi?"

"Mke wangu—"

"Nauliza tu nimjue. Yule wa kushoto ana wavulana watupu. Yule wa kulia ni mjane wa miaka sabini. Sasa ni jirani yupi aliyezaa na mimi?"

"Neno lilinitoka tu mdomoni. Alinitazama vile, nikasema."

"Kumbe miaka tisa yote nalala na jirani," alisema mkewe, "na mimi sina habari."

Kuanzia saa ile, kinyozi akawa mgeni kwake mwenyewe. Chakula aliletewa kwenye sahani za wageni, na kijiko kimefunikwa kitambaa. "Karibu jirani, usione haya." Alipokunywa chai aliulizwa kama nyumbani kwake hawajambo. Saa mbili usiku mkewe alipiga mwayo wa adabu na kusema, "Jirani, tusikuweke sana, wenzako watakuwa wanakusubiri." Alilala sebuleni kwenye kochi fupi, miguu ikining'inia.

Lililomkata maini ni kwamba Kiranja aliupenda mchezo. Kwake ilikuwa sheria mpya, naye hakuwahi kukutana na sheria asiyoipenda. Siku ya pili kinyozi alirudi kutoka kazini akakuta mlango umefungwa kwa ndani.

"Fungua, mwanangu."

"Hodi," ilisema sauti ya Kiranja.

"Ni mimi baba."

"Jirani anapiga hodi."

Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama. Kinyozi aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akapiga hodi mlangoni kwake. Alipiga tatu. Kiranja alifungua, akamtazama chini. "Miguu," alisema.

Siku ya nne ilikuja barua fupi ya shule. Ilisema kwamba maombi yamesimamishwa kwa kuwa taarifa za wazazi hazieleweki. Fundi cherehani aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia chini ya cherehani, kisha akakaa bila kushona. Hakumwita jirani jioni ile. Hakumwita chochote. Kinyozi aliona afadhali hodi.

*

Kila Ijumaa mkewe alimpeleka Kiranja kliniki kwa mazoezi. Kinyozi hakuwahi kwenda. Ijumaa dukani kulijaa, na hiyo ilikuwa sababu iliyojitosheleza kwa miaka yote. Ijumaa ile alifunga duka, akawafuata nyuma hatua kumi, kama mtu anayefuatana na msafara ambao hana uhakika kama amealikwa.

Muuguzi wa kliniki alikuwa mtu mzima mwenye miwani kifuani kwa kamba. Alimsalimu Kiranja kwa kupeana mkono, kama wafanyakazi wawili. Kisha akamwona kinyozi mlangoni.

"Na huyu?"

"Jirani yetu," alisema mkewe.

Kinyozi alimeza mate. "Mimi ni baba yake," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba. Akakohoa, akarudia. "Ni mwanangu huyu. Mimi ndiye baba."

Muuguzi alivaa miwani. "Miaka minane natafuta hii sura. Nilidhani umefariki, nikawa naogopa kuuliza. Kaa hapo."

Alikaa. Aliona vitu ambavyo mkewe alivijua kama viganja vyake na yeye hakuwahi hata kuvisikia. Kiranja alitembea juu ya mstari wa chaki, mikono imetanuka, kwa sababu misuli yake ilizaliwa laini na ilihitaji kufundishwa kazi. Alipuliza maji kwenye glasi kwa mrija ili mdomo na ulimi vipate nguvu ya kutamka. Alitazama picha, akazitaja, na asipoweza alisubiriwa. Hilo la kusubiriwa lilimshangaza kinyozi kuliko yote. Yeye alizoea kummalizia neno.

"Uliza," alisema muuguzi. "Uso wako umejaa maswali kama sanduku la barua."

Kinyozi alimwibia mkewe jicho. "Huu ugonjwa ulitoka upande gani? Maana mama yangu alisema ni upande wa—" Akaishia hapo. Mkewe alikuwa akihesabu mbao za dari.

"Kwanza, si ugonjwa. Ni hali, inaitwa sindromu ya Down. Pili, haikutoka upande wowote." Muuguzi alichukua vijiti vya kupimia koo, akavipanga mezani viwili viwili. "Kila mtu ana vitu mwilini vinavyobeba maagizo ya jinsi ya kumjenga. Kromosomu. Vinakuja kwa jozi, jozi ishirini na tatu. Kwa Kiranja, kwenye jozi ya ishirini na moja vimekuja vitatu." Akaongeza kijiti.

Kinyozi alikitazama kijiti. "Nani alikileta?"

"Hakuna. Hutokea mimba inapoanza. Si wewe, si mkeo, si alichokula, si jicho la mtu. Mwambie na mama yako."

"Nitamwambia."

"Mwambie mbele yangu," alisema mkewe.

"Sasa atajifunza kusoma?"

"Watoto hawa hawafanani, kama watoto wengine wasivyofanana. Wengi wanasoma. Ila ataenda mwendo wake. Anashika anachokiona kuliko anachosikia, kwa hiyo mwonyesheni. Agizo moja kwa wakati mmoja, fupi. Rudieni bila kuchoka. Masikio, macho na moyo vipimwe kila mara. Na mkae naye katikati ya watu, kwa sababu anajifunza kwa kuwaiga."

"Na akizira? Maana huyu akizira, hata trekta haimtoi."

"Mwambie mara moja, kisha mpe muda. Kuzira siyo dalili ya kitu. Wewe huziri?"

"Huyu?" alisema mkewe. "Aliwahi kuzira na jino ambalo haliumi."

Muuguzi alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Kiranja aliiokota, akaifuta kwa gauni lake, akamvalisha. Kinyozi naye alipewa mrija, akaambiwa apulize kwenye glasi ili aonyeshe mfano nyumbani. Alipuliza kwa nguvu, maji yakamrukia usoni na kwenye shati jipya. Mkewe alicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, kisha akakumbuka kwamba amenuna, akageukia dirisha.

*

Jumatatu kinyozi alikwenda shuleni peke yake. Nje ya ofisi palikuwa na benchi la wazazi wanaosubiri, na watatu kati yao walikuwa vichwa vyake mwenyewe. Alizitambua kazi zake. "Aa, fundi! Na wewe una mtoto hapa?" mmoja aliuliza.

"Naomba niwe naye," alijibu.

Alikuwa ameandika hotuba kwenye karatasi. Alipoingia na kuona faili na tai, hotuba ilimtoka kichwani, na karatasi ilikuwa imelowa jasho mpaka maneno yameungana. Halafu akaona kidevu cha mwalimu mkuu. Zaidi ya wiki tatu bila rangi. Chini nyeupe kama chumvi, ncha zake nyeusi, mstari umenyooka kama mpaka wa kiwanja. Ilimuuma kama fundi.

"Nakusikiliza," alisema mwalimu mkuu.

"Mwalimu, yule ni mwanangu."

"Najua. Amenieleza mwenyewe, mbele ya walimu wangu. Mpaka leo nikipita darasani nasikia watu wakikohoa." Aliweka kalamu chini. "Ninachouliza ni kwa nini. Mimi nilikuja kwako na aibu yangu, nikakuamini. Wewe ukaniangalia kwenye kioo ukanidanganya."

Kinyozi alitafuta neno kubwa, hakulipata. "Ulinipa pole," alisema.

"Pole ni kosa?"

"Si kosa. Lakini nilikuwa sijafiwa." Alishangaa kwamba sauti ilikuwa inatoka. "Mtoto alikuwa mzima, ameshika kibakuli, hajamwaga hata tone. Wewe ukanipa pole ya msibani. Nikaona nikisema ni wangu, lazima niipokee. Sikutaka kuipokea. Nikamtupia jirani." Akafuta jasho. "Kosa ni langu, mwalimu. Nilitupa na mtoto pamoja na pole. Si mke wangu aliyekosa, wala si mtoto. Usiwanyime shule kwa ajili ya mdomo wangu."

Mwalimu mkuu alikishika kidevu chake chenye rangi mbili.

"Nilidhani nasema jambo jema," alisema hatimaye.

"Najua."

Aliinuka, akafungua mlango, akamwita mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuja na chaki mkononi na watoto wawili wakining'inia kwenye sketi yake.

"Yule binti wa kadi," mwalimu mkuu alisema. "Unamtaka au humtaka?"

"Nilikwambia tangu siku ile. Nina watoto sitini na wawili ambao hakuna hata mmoja anayejua foleni ni nini. Niletee." Kisha akamgeukia kinyozi, uso ukawa wa kazi. "Lakini baba, nisikudanganye. Sijafundishwa kumfundisha mtoto kama yeye. Nitakosea. Atakaa mbele, nitatumia picha, na nitahitaji mama yake anionyeshe wanachofanya kliniki. Siku nyingine ataniudhi, siku nyingine nitamuudhi. Na sina msaidizi."

"Muhula mmoja wa kujaribu," alisema mwalimu mkuu. "Na wiki mbili za mwanzo mzazi mmoja akae darasani."

"Nitakaa mimi," alisema kinyozi.

"Na duka?"

"Watafuga nywele."

Alipofika mlangoni alisita, akageuka. Hakuweza kuondoka hivihivi. "Mwalimu, hizo ndevu. Ama tuzipake zote, ama tunyoe zote. Lakini hivyo zilivyo, mimi silali."

*

Siku ya kwanza kinyozi aliamka kabla ya jogoo wote. Mkewe alikuwa ameshona sare, sketi yenye mpira kiunoni badala ya zipu ili Kiranja aivae mwenyewe bila kugombana nayo. Aliivaa kinyumenyume, ikageuzwa, akaivaa tena. Mkewe alimpa kinyozi chai kwenye kikombe chake cha zamani, kile kilichovunjika sikio, na kinyozi alikishika kama kikombe cha ubingwa.

Darasani alipewa kiti cha mtoto. Magoti yalimfika kidevuni. Watoto sitini na wawili waliacha walichokuwa wakifanya, wakamtumbulia macho yeye, si binti yake. "Babu, umerudia darasa?" mmoja aliuliza. Kiranja alikaa dawati la mbele, mgongo umenyooka. Kila alipogeuza shingo, alimwona baba yake. Mwalimu aliposema, "Toeni madaftari," kinyozi aliinuka, akafungua mkoba wa binti, akamtolea daftari. Aliposema, "Shikeni penseli," kinyozi aliinuka tena, akamshikisha.

Mara ya tatu Kiranja aliweka penseli chini. Akatoka kwenye dawati, akamshika baba yake mkono, akamvuta mpaka mlangoni.

"Nenda kazini," alisema.

"Nimeambiwa nikae, mama."

"Watoto tu." Akamsukuma kiunoni kwa mikono miwili, akafunga mlango.

Kinyozi alibaki varandani. Mwalimu alichungulia dirishani, akajaribu kuficha meno. Mwalimu mkuu, aliyekuwa akipita na rundo la madaftari, kidevu kimenyolewa safi kama yai, alisimama.

"Vipi?"

"Nimefukuzwa shule."

"Siku ya kwanza! Hata wale watundu wangu hufika Jumatano." Akamgusa bega, akaendelea na safari yake.

Hakwenda kazini. Alikaa chini ya dirisha, mgongo ukutani. Ndani walikuwa wanahesabu, darasa zima kwa sauti moja, moja mpaka kumi, na nyuma ya sauti zote ilisikika moja nzito iliyochelewa. Wenzake waliposema nne, yeye alisema tatu. Waliposema nane, yeye alikuwa kwenye sita. Walipofika kumi walipiga makofi, wakanyamaza, na kwenye ule ukimya ikasikika peke yake:

"Saba."

Watoto wachache walicheka. Mmoja, kwa nia njema kabisa, alimdokeza kwa sauti kubwa, "Nane! Sema nane!"

"Nyamaza," alisema Kiranja. "Nahesabu."

Mwalimu alisubiri, na darasa lilipomwona anasubiri nalo likasubiri, watoto sitini na wawili ambao hawakuwahi kusubiri kitu maishani mwao. Chini ya dirisha kinyozi alikuwa na nane yote mdomoni, imefika kwenye meno. Alijiziba kwa kiganja.

"Nane," ilisema sauti. Ikapumzika. "Tisa."

Mahali fulani kwenye darasa jingine kiti kiliburuzwa. Kiranja hakuwa na haraka na mtu.

"Kumi."